Miche Michanga na Mvua za Ogembo

Ogembo iko kwenye vilima vya Gusii, kusini kidogo ya ikweta, mahali ambapo Mto Gucha unapita ukielekea Ziwa Viktoria. Mvua ya mwaka huzidi milimita 1,500. Hunyesha kwa misimu miwili, ile ndefu kuanzia mwisho wa Februari hadi Juni na ile fupi kuanzia Septemba hadi mwanzo wa Desemba, na hata Julai na Agosti hapakauki kabisa. Kiangazi cha kweli ni Januari na sehemu ya Februari. Kwa mvua hiyo na udongo mwekundu wenye kina, mbegu ya mboga haihitaji kubembelezwa ili iote. Kazi ngumu ni wiki nne hadi sita zinazofuata, kabla mche haujapata shina gumu na mizizi ya kushika ardhi.

Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa katika nchi za baridi, na humo adui mkuu wa mche ni jalidi. Wakulima wa mboga wa pembezoni mwa Paris katika karne ya 19 walifunika miche yao kwa kengele za kioo ili joto la mchana lisitoroke usiku. Kenya nayo ina sehemu zinazoijua jalidi, kama Kinangop na Limuru, lakini usiku wa Ogembo hauifikii baridi ya kugandisha maji. Anayefuata vitabu hivyo na kuufungia mche ndani ya plastiki usiku kucha huulinda dhidi ya adui asiyekuwepo, huku akimfungulia mlango yule aliyepo, ambaye ni unyevu usioondoka. Hapa kinga hutafutwa dhidi ya mambo mengine: nguvu ya maji yanayoanguka, maji yanayoteremka mlimani, mvua ya mawe, na jua kali linalochomoza katikati ya mvua mbili.

Mvua ya mawe ina sababu zake katika umbo la nchi. Mchana jua linapopasha nchi kavu, hewa yenye unyevu husukumwa kutoka ziwani kuelekea bara. Juu ya vilima hukutana na pepo za mashariki, na kwa kuwa hazina pa kwenda ila juu, mawingu hupanda kwa kasi. Ndiyo maana asubuhi huwa shwari na dhoruba nyingi hupiga alasiri. Karibu na ikweta maji huanza kuganda angani kwenye kimo cha karibu mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Barafu inayoanguka kuelekea Mombasa ina takriban kilomita 5 za hewa ya joto za kupita, hivyo huyeyuka na kufika ikiwa tone la mvua. Kwenye mwinuko wa Ogembo, unaozidi mita 1,500, safari hiyo hupungua kwa karibu theluthi, na jiwe hufika likiwa bado jiwe. Kericho na Nandi, palipoinuka zaidi, hali ni mbaya zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilirushwa juu ya mashamba ya chai ya Kericho zikichoma iodidi ya fedha ndani ya mawingu ili mawe yasikue, na hata leo majani ya chai bado huchanwa. Jiwe lenye kipenyo cha sentimita 2 hushuka kwa kasi inayozidi mita 10 kwa sekunde. Jani la sukuma wiki lenye wiki tatu halina namna ya kuhimili pigo hilo. Afadhali moja ipo: mawe huanguka kwa ukanda mwembamba, shamba moja likachanika lote na la ng'ambo ya kijito lisiguswe.

Mawe hukumbukwa kwa kelele zake na kwa hasara ya ghafla. Miche mingi, hata hivyo, hupotea kimya kimya kwa mvua ya kawaida. Tone kubwa lenye kipenyo cha milimita 5 hufika ardhini kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Juu ya udongo mtupu tone hilo hupasuka, likarusha chembe za udongo pande zote na kuzipandisha hadi kwenye majani. Anayeinama kwenye kitalu cha nyanya asubuhi baada ya dhoruba ataona majani ya chini yamepakwa matope mekundu upande wa chini, ule ambao jua haliufikii upesi. Ndani ya matope hayo mna viini vya magonjwa vilivyokuwa vimelala ardhini. Juu ya tuta, chembe laini zimeziba matundu ya udongo na kufanya ukoko. Mbegu zilizokuwa hazijachomoza hukwama chini yake, na maji ya mvua inayofuata hayazami tena bali huteleza.

Kisha huja kinyausi. Viini vya Pythium na Rhizoctonia hupenda udongo uliolowa, miche iliyobanana na hewa isiyotembea. Siku chache baada ya mvua mfululizo shina hubanwa kwenye usawa wa udongo kama lililofungwa uzi, likalegea kwa majimaji, na mche hulala chini ukiwa bado kijani. Ugonjwa huanza kwa kiduara cha ukubwa wa sahani na kupanuka kila siku. Hakuna dawa inayouinua mche ulioanguka. Kinachowezekana ni kung'oa iliyoanguka pamoja na jirani zake, kuacha kumwagilia na kufungua kifuniko hewa ipite. Kwa sababu hii kila kinga inayojadiliwa hapa ina swali moja la kujibu: baada ya mvua kukatika, mche utakauka baada ya muda gani?

Jibu la swali hilo huanzia mahali pa kitalu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, ilimo Ogembo, zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba, na mashamba yamegawanywa hadi yakawa vipande. Kitalu basi huwekwa karibu na nyumba, na mara nyingi mahali panapoonekana kuwa na kinga: ukingoni mwa nyumba chini ya paa, au ndani ya migomba. Sehemu zote mbili hudanganya. Paa la mabati lenye mita mraba 30 likipata mvua ya milimita 40 hukusanya lita 1,200, kwa kuwa milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja kamili. Paa likiwa la pande mbili, lita 600 huteremka kila upande, zikianguka kwenye mstari uleule na kuchimba mfereji. Kitalu kilicho kwenye mstari huo hakiponi. Chini ya migomba nako mvua hukusanywa na majani mapana na kumwagwa kwa mikupuo, kivuli hukaa mchana kutwa, na umande haukauki. Mahali bora ni pale panapopata jua la asubuhi, mbali na matone ya paa kwa mita mbili au zaidi, na penye mteremko mdogo wa kuondoa maji.

Tuta la kitalu hupimwa upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, na kuinuliwa sentimita 20 kwa msimu wa mvua ndefu. Hulazwa kukingama na mteremko. Katikati huachwa juu kidogo kuliko kingo, maana tuta lililosawazishwa hushika madimbwi yasiyoonekana mpaka miche ianze kunyauka. Upande wa juu huchimbwa mtaro wa kukinga maji, wenye kina cha sentimita 30 hivi, unaopeleka maji kwenye migomba au kwenye ukingo wa nyasi ya napia. Mtaro huu ni kazi ya nusu siku kwa jembe. Wengi huuruka, kisha hutumia fedha kununua neti. Ni kuanzia mwishoni: neti huzuia kitu kinachotoka juu, na maji yanayobeba kitalu kizima hadi kwenye kijito hupita chini yake.

Baada ya kusia, mistari ikiwa imeachana sentimita 10 hadi 15, tuta hutandazwa nyasi kavu nyembamba. Nyasi hupokea pigo la tone na kuzuia ukoko. Huondolewa jioni ya siku ambayo miche ya kwanza inachomoza, kwani ikikawia hata siku mbili shina hurefuka likitafuta mwanga, likawa jeupe na dhaifu. Nyasi hiyohiyo hurudishwa katikati ya mistari, isiguse mashina. Napia mbichi haifai kwa kazi hii kwa sababu vipingili vyake hushika na kuota. Kwa bei yake, ambayo mara nyingi ni sifuri, matandazo hufanya kazi kubwa kuliko kinga nyingine yoyote, maana husimamisha tope kabla halijapanda jani.

Kifuniko cha juu ndicho ambacho watu hufikiria kwanza, na ndicho kinachohitaji uangalifu zaidi. Kibanda cha kawaida ni fito nne au sita zilizoezekwa nyasi au majani ya migomba. Paa lake huwa juu zaidi upande wa mashariki, kiasi cha mita 1, na chini upande wa magharibi. Jua la asubuhi huingia na kukausha umande. Jua la saa tisa, linalochoma, huzuiwa. Paa la majani hata hivyo huvuja, na matone yanayovuja huwa makubwa kuliko ya mvua yenyewe, ingawa yakianguka kutoka mita 1 hayana kasi. Likianza kuoza hudondosha ukungu juu ya miche. Ni bora liezekwe upya kila msimu kuliko kuongezwa tabaka juu ya tabaka.

Karatasi ya plastiki huzuia maji kabisa ikivutwa ikakaza juu ya fito zilizopindwa. Ikilegea hufanya mfuko wa maji ambao mwishowe huvunja fito na kuangukia miche. Pande zote mbili huachwa wazi. Lakini plastiki ina sharti lisilozungumzwa sana: inataka mtu. Jua likitoka baada ya mvua, joto chini yake hupanda kwa dakika chache na miche hupikika. Mvua ikija ghafla ilhali karatasi imekunjwa pembeni, haina faida. Dhoruba za Ogembo huja alasiri, saa ambayo watoto wako shule, mama yuko sokoni au anachuma chai ya kupeleka kiwandani, na nyumbani hakuna wa kukimbia. Kinga inayotegemea mikono ya saa tisa alasiri haiwafai walio wengi, hata ikisifiwa vipi kwenye maonyesho ya kilimo.

Neti hukidhi hitaji hilo vizuri zaidi kwa sababu inaweza kubaki siku zote. Neti ya kuzuia asilimia 30 hadi 50 ya mwanga, ikivutwa juu ya miche kwa mwinamo, huvunja nguvu ya tone na kulipokea jiwe la barafu huku hewa ikipita. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton huko Njoro walikuza miche ya kabeji chini ya neti laini za kuzuia wadudu. Miche hiyo iliota mapema na kuwa na nguvu kuliko iliyoachwa wazi, kwa kuwa neti ilihifadhi joto na unyevu kiasi na kuwazuia wadudu. Chandarua kilichochakaa, kisichofaa tena kulalia, hufanya kazi hiyo kwa msimu mmoja kikikunjwa mara mbili. Neti ya asilimia 75 ni giza kwa mboga.

Nyumba za plastiki za kukuzia nyanya zimeenea Kenya kwa miaka kumi na mitano hivi, na kwa anayeuza miche kwa maelfu zinalipa. Kwa bustani ya kulisha nyumba moja hazina hesabu nzuri: karatasi yake hudumu miaka michache tu chini ya jua la ikweta, na nguzo zisipofungwa imara upepo wa kabla ya mvua huing'oa.

Kinga yoyote ina siku yake ya kuondolewa. Mche uliokaa kivulini hadi siku ya kupandikizwa una majani laini ambayo jua la mchana mmoja hubabua. Kuukomaza huanza siku 7 hadi 10 kabla: kifuniko huondolewa asubuhi tu, kisha nusu siku, kisha siku nzima, na maji hupunguzwa kidogo kidogo bila kuuacha unyauke. Mfano mzuri uko jirani kabisa, kwenye vitalu vya chai. Vipandikizi vya chai huanza vikiwa vimefungiwa chini ya plastiki yenye unyevu na kivuli, kisha plastiki hufunguliwa polepole na kivuli kupunguzwa mpaka mche usimame juani peke yake. Migomba ya maabara hufuata njia ileile, tena kwa tahadhari zaidi, maana mche unaotoka kwenye chupa karibu hauna nta ya kuzuia majani yasipoteze maji. Huhitaji wiki kadhaa chini ya unyevu na kivuli kabla ya kufika shambani. Mnunuzi wa miche ya aina yoyote ana haki ya kumuuliza muuzaji ilitoka kivulini siku gani.

Kupandikiza hufanywa jioni, au siku ya mawingu, mche ukiwa na majani manne hadi sita. Udongo ukiwa umelowa chepechepe ni heri kungoja siku moja, kwani ukikandamizwa hugeuka tofali na mizizi haipati hewa. Kwa siku tano za kwanza mche huhitaji kivuli chake binafsi. Gusii haikosi vifaa vya kazi hiyo. Ganda la mgomba lililokauka, likikatwa kipande cha urefu wa kiganja na kukunjwa mduara, husimama kuzunguka kabeji changa: huzuia tope, hupunguza upepo, huacha mwanga uingie juu, na likioza huwa mboji. Kwa miche ya parachichi, ambayo imepandwa kwa wingi Kisii na Nyamira miaka ya karibuni, matawi machache huchomekwa upande wa magharibi ili jua la alasiri lisibabue shina kabla majani yake yenyewe hayajalifunika.

Mboga za kienyeji zina mahitaji yake. Saga, ambayo Wagusii huiita chinsaga, husiwa moja kwa moja shambani na haipendi kuhamishwa wala kusimama kwenye maji. Mbegu zake ni ndogo mno, na mvua moja kubwa huzikusanya zote chini ya mteremko zikaota kwa rundo. Huchanganywa na mchanga au udongo mkavu, zikasiwa kwenye vijifereji vyepesi vinavyokingama na mteremko, zikafunikwa kidogo. Managu huvumilia kuhamishwa, hivyo hufaa kuanzia kitaluni msimu wa mvua nyingi.

Upepo hauna nguvu kubwa Ogembo isipokuwa ule unaotangulia dhoruba. Ukuta mzito, kama mabati, hufanya upepo uruke na kuanguka kwa msukosuko upande wa pili. Ua unaopitisha karibu nusu ya upepo, kwa mfano safu ya napia au mikima iliyopogolewa, hupunguza kasi kwa umbali wa hadi mara kumi ya urefu wake. Napia hata hivyo ina mizizi yenye njaa, na mboga hupandwa mita moja na zaidi kutoka hapo.

Tarehe nayo ni kinga. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri kabla ya kila msimu, na huko Bunyore, Vihiga, wataalamu wake wamewahi kukaa pamoja na wazee wa Nganyi, wasomaji wa dalili za mvua kwa vizazi, ili kuoanisha wanachokiona. Utabiri husema kama msimu utazidi au utapungua. Hauwezi kutaja alasiri ambayo mawe yataangukia kijiji fulani. Kwa hilo dawa ni kusia kwa awamu. Kitalu kikigawanywa mara mbili au tatu, awamu zikipishana kwa wiki mbili, dhoruba moja haiwezi kumaliza yote. Kwa mvua ndefu awamu ya kwanza husiwa Januari na kumwagiliwa, ili kufikia Machi miche iwe imeshika shambani kabla ya mvua nzito za Aprili. Mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 na zile za Machi hadi Mei 2024, zilizoleta mafuriko sehemu nyingi za Kenya, zilionyesha thamani ya kuwa na mbegu za akiba nyumbani badala ya kusia pakiti nzima siku moja.

Mawe yakishapiga, hatua ya kwanza ni kutogusa miche iliyolowa, kwa sababu mikono hubeba viini kutoka jeraha moja hadi jingine. Majani yakikauka, ukoko huvunjwa kwa kijiti, vipande vilivyoning'inia hukatwa, na nyanya hupuliziwa dawa ya kopa ili viini vya mabaka visiingie kwenye vidonda. Kisha hukumu hutegemea mahali kilipo kitovu cha kukua. Mahindi machanga, hadi kufikia majani matano, huwa na kitovu hicho chini ya ardhi. Shamba likionekana limesagwa bado huchipua ndani ya wiki moja, na kulilima upya ni hasara. Kitunguu nacho hukua kutoka chini na hupona. Nyanya na sukuma wiki hutoa machipukizi ya pembeni, hivyo hungojewa siku 7 hadi 10. Maharagwe ni tofauti: yakikatwa chini ya yale majani mawili mazito ya mbegu hayana pa kuchipukia, na hupandwa upya mara moja udongo unapokubali jembe. Kabeji iliyopoteza kilele itatoa vichwa vidogo vidogo viwili au vitatu visivyouzika; hung'olewa, na shimo lake hupewa mche wa awamu ya pili.